Tairi la Mchezo na Tairi la Riziki

Baina ya mji wa Köln na mji wa Bonn, katika bonde la mto Rhine, iko barabara pana iliyofunguliwa tarehe 6 Agosti 1932 na Konrad Adenauer, aliyekuwa wakati ule meya wa Köln na ambaye, baada ya vita kwisha, alikuwa kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi. Na mwendo wa kama saa moja kutoka Bonn, katika milima ya Eifel, uko uwanja wa mbio wa Nürburgring, uliofunguliwa mwezi Juni 1927 baada ya kujengwa na watu wa nchi ile waliokuwa wakisumbuliwa na ukosefu wa kazi, na meya huyo huyo alikuwa miongoni mwa walioutilia nguvu ujenzi wake. Barabara ile ilifanywa kwa ajili ya riziki na haja za kila siku. Uwanja ule ulifanywa kwa ajili ya mashindano na majaribio ya magari. Katika miaka yangu ya ugenini nilizipita njia zote mbili kwa gari moja, ile ya kwanza siku za kazi na ile ya pili baadhi ya siku za mapumziko, na kwa sababu hiyo nililazimika kutafuta jawabu la swali ambalo mwenye magari mawili hana haja nalo: je, tairi moja laweza kuwatumikia mabwana wawili ambao madai yao yanapingana?

Yafaa kwanza nimweleze msomaji ambaye hajapata kufika huko kwamba mzunguko wa kaskazini wa Nürburgring, uitwao Nordschleife, una urefu wa kilomita 20.832, na kwamba kutoka mahali pake pa chini, karibu na kijiji cha Breidscheid, hadi mahali pake pa juu, njia hupanda kadiri ya mita 300. Katika saa zilizowekwa kwa ajili ya watu wote, mzunguko huo huhesabiwa kisheria kuwa barabara ya kulipia yenye mwelekeo mmoja, na kila mwenye leseni na gari lenye idhini ya kutembea barabarani aweza kulipa langoni akaingia. Sheria za barabarani haziachwi nje ya lango: kupita gari jingine ni kwa kushoto tu, kushindania muda hakuruhusiwi, matairi yasiyo na alama ya idhini, ile herufi E iliyochorwa ubavuni, hayakubaliwi, na atakayegonga kingo za chuma atatozwa gharama ya kuzitengeneza. Basi huo ni mchezo, lakini ni mchezo uliozungukwa na hesabu, na mtu huingia humo na gari lile lile litakalompeleka kazini Jumatatu asubuhi.

Mimi nilizaliwa Tanga, na elimu yangu ya kwanza ya matairi niliipata kwa fundi pancha wa mtaani, ambaye kwake tairi lilikuwa na hali mbili tu, lina upepo au halina, na likiwa halina, dawa yake ilikuwa kulizamisha tyubu katika karai la maji na kutazama povu linapotoka. Elimu ile nilikuwa nayo bado nilipofika Bonn kwa kazi ya tafsiri, nayo ilinitosha mpaka siku nilipoanza kuupanda mlima wa Eifel na kutambua kwamba tairi, fauka ya upepo wake, lina umri, lina majira yake, lina joto linalolipendeza na joto linalolichukiza, na lina tabia ya kusema au ya kunyamaza.

Aliyenifungua macho katika jambo hili alikuwa mzee mmoja wa Kijerumani, fundi wa matairi katika kijiji kimoja karibu na Adenau, mtu mfupi wa maneno. Nilimwendea nikiwa na nia ya kununua yale matairi ya nusu mbio, ambayo kashata zake ni chache na mpira wake ni wa jamii ya mpira wa mashindano, ingawa yana idhini ya kutembea barabarani, mfano wa Michelin Pilot Sport Cup 2, Yokohama Advan A052 au Toyo R888R. Hakunionyesha bei. Aliniuliza gari langu hulala wapi, mwezi gani ndio wa mwisho kwangu kuja uwanjani kabla ya baridi, kisha akauliza: “Bwana, ukimaliza mizunguko yako, utarudi nyumbani kwa gari gani?” Nilipomjibu kwamba ni gari hilo hilo, na matairi hayo hayo, alifuta mikono yake akasema: “Basi tuchague kwanza tairi la kurudia nyumbani, kisha tutazame kama laweza kucheza.” Maneno yale yalinikaa moyoni kuliko vitabu vyote nilivyovisoma baadaye, na kila nilipoyapima kwa yaliyonipata mimi na yaliyowapata wenzangu sikuona pahali palipopungua.

Ili maneno ya mzee yafahamike, sharti tujue mpira hushikaje lami. Hushika kwa njia mbili: kwanza, mpira ulio laini huzama katika vijitundu na vichongoko vya lami, ukaumbwa upya kila nukta, na kwa kuwa haurudishi nguvu yote uliyoipokea, sehemu ya nguvu hiyo hugeuka joto na kuwa kizuizi cha kuteleza, pili, mpira na lami, vinapogusana kwa karibu mno, hushikamana vyenyewe kwa vyenyewe. Njia hizo zote mbili hutegemea joto la mpira. Tairi la barabarani la kiangazi huanza kushika vizuri mara gari linapoondoka nyumbani, lakini likitaabishwa kwa muda mrefu katika kona nyingi hupata moto kupita kiasi, mpira wake ukalegea na kingo za kashata zikaanza kumeguka. Tairi la nusu mbio hali yake ni kinyume: utamu wake huanza mpira unapofika nyuzi 70 au 80 za sentigredi na zaidi, na katika joto hilo halina mshindani barabarani, ila asubuhi ya mwezi Oktoba, katika mvua nyembamba na nyuzi 8 za joto la hewa, hakuna mwendo wa halali utakaolifikisha huko. Na tairi la majira ya baridi, ambalo mpira wake umetengenezwa usigande katika theluji, likipelekwa uwanjani siku ya jua kashata zake ndefu hupindapinda na kuungua, na baada ya mizunguko michache mwenye gari huwa amelila tairi la miaka miwili.

Milima ya Eifel ina desturi moja ambayo kila mwenyeji wake huitaja, nayo ni kwamba mvua yaweza kunyesha upande mmoja wa mzunguko ilhali upande wa pili kuna jua na lami kavu. Mashindano makubwa yaliyofanyika pale yameacha ushahidi wa jambo hili. Tarehe 4 Agosti 1968, katika mvua na ukungu uliowafanya madereva wasionane, Jackie Stewart, akiendesha gari la Matra lenye matairi ya Dunlop yaliyosifika kwa kufukuza maji, alimshinda aliyemfuata kwa zaidi ya dakika 4, na yeye ndiye aliyeupa mzunguko ule jina la Jahanamu ya Kijani. Tarehe 1 Agosti 1976 lami ilikuwa imelowa wakati wa kuanza, na karibu madereva wote waliondoka na matairi ya mvua isipokuwa Jochen Mass, aliyethubutu kuondoka na matairi yasiyo na kashata. Mzunguko mmoja ulipokwisha njia ilikuwa imekwisha anza kukauka, wengine wakaingia kubadilisha, akiwamo Niki Lauda, ambaye katika mzunguko wa pili gari lake lilitoka njiani karibu na pahali paitwapo Bergwerk, likawaka moto. Madereva wenzake, Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl, ndio waliosaidia kumtoa, na baada ya majuma sita akarudi mashindanoni. Siyataji haya kwa maksudi ya kusema kwamba tairi lilikuwa sababu ya ajali ile, maana hayo yangali yanabishaniwa. Nayataja kwa kuwa yanaonyesha kwamba hata mabingwa wa dunia, wenye mafundi nyuma yao na matairi ya kila namna yamepangwa ukutani, walilazimika kubahatisha katika uwanja huu. Sisi wapenzi wa kawaida, tunaofika na seti moja tu iliyofungwa garini, hatuna pa kubadilisha. Uchaguzi wetu tuliufanya miezi mingi nyuma dukani, nao lazima utufae kwa hali ya hewa tutakayoikuta, iwe ipi.

Nilipokwisha kulifahamu hilo nilianza kujifunza kusoma tairi kama karani asomavyo hati, kwani ubavuni mwake mmeandikwa mengi. Gari langu lilichukua matairi ya 225/45 R17 91W, yaani upana wa milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, ringi ya inchi 17, mzigo usiozidi kilo 615 kwa kila tairi, na mwendo usiozidi kilomita 270 kwa saa. Tarakimu nne zilizo mwishoni mwa maandishi ya DOT hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa, hata 2319 ikawa ni juma la 23 la mwaka 2019. Yapo pia, katika matairi mengi, makadirio ya Kimarekani ya kudumu kwa kashata, ambayo kipimo chake cha asili ni 100. Tairi la 300 hutazamiwa kuishi mara tatu ya lile la 100, na matairi ya nusu mbio aghalabu huangukia kwenye 200 au chini yake. Lakini anayeitoa hesabu hiyo ni mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo kulinganisha 200 ya kiwanda kimoja na 200 ya kiwanda kingine ni kulinganisha ahadi za watu wawili wasiojuana. Kadhalika ile karatasi ya Umoja wa Ulaya, yenye madaraja ya kuanzia A hadi E, hupima breki katika maji kwa kushusha mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, na tairi lipimwalo ni jipya. Haisemi lolote mintarafu ya tairi lililokwisha nusu, wala ya lami kavu, wala ya dakika kumi mfululizo za kona. Kwa hayo msomaji ataona kwamba maandishi yaweza kukataza uchaguzi mbaya, lakini hayawezi kufanya uchaguzi mwema kwa niaba ya mnunuzi.

Palikuwa na kijana mmoja wa Mombasa, mwanafunzi wa uhandisi katika mji wa Aachen, ambaye tulizoea kukutana uwanjani, naye kwa adabu ya kwao aliniita Ami. Yeye alifunga matairi ya nusu mbio, nami nilibaki na matairi ya kiangazi ya barabarani ya daraja la juu, yale ya jamii ya Michelin Pilot Sport 4S na Goodyear Eagle F1. Siku za joto aliniacha mbali katika kona zote, nami nilimwona akizidi kujiamini mwezi hadi mwezi. Tofauti yetu ya kweli ilidhihirika tulipobadilishana magari kwa mzunguko mmoja. Matairi yangu, kila nilipokaribia mpaka wake, yalikuwa yakilia mapema, usukani ukawa mwepesi kidogo kidogo, na mtu alipata nafasi ya kurudisha mguu na kujirekebisha. Matairi yake yalishika kimya, yakashika zaidi, yakaendelea kushika, na yalipoacha yaliacha kwa ghafula, katika mwendo mkubwa kuliko ule ambao matairi yangu yangaliruhusu. Aliposhuka garini mwangu aliniambia: “Ami, gari lako linazungumza mno.” Nikamjibu: “Mwanangu, acha lizungumze, mimi bado nasoma.”

Jioni moja ya mwisho wa majira tuliondoka uwanjani mvua ikinyesha na hewa imekwisha poa, yeye mbele na mimi nyuma, kwa mwendo wa watu wanaokwenda nyumbani kula. Katika makutano ya kijiji kimoja alishika breki pahali pale pale nami niliposhika baadaye. Mimi nilisimama kabla ya mstari, naye alipita juu yake polepole, mitambo ya breki izuiayo magurudumu kujifunga ikitetemeka chini ya mguu wake, mpaka akasimama katikati ya njia kuu, ambayo kwa neema ya Mungu haikuwa na gari. Hakuna aliyeumia wala kilichovunjika. Aliteremka akayagusa matairi yake kwa kiganja, akayakuta ya baridi kama jiwe la kisimani, na hapo bila ya kuambiwa na mtu akafanya hesabu ambayo mzee wa Adenau alikuwa amenifanyia mimi kabla ya kununua: ya kwamba mizunguko michache ya siku ile ilikuwa kama kilomita 60 au 80 tu, na safari ya kuja na kurudi ilikuwa mara tatu ya hizo, na kwamba hatari ambayo mtu hujitayarishia huwa ndogo kuliko ile ambayo hakuiweka akilini.

Kuna jambo jingine la safari ya kurudi ambalo wauzaji hawalitaji sana, nalo ni upepo. Tairi lililojazwa bar 2.3 likiwa baridi laweza, baada ya mizunguko miwili ya nguvu, kufika 2.8, kwa kuwa hewa iliyo ndani hupata moto na kutanuka. Na tairi lenye upepo uliozidi hivyo huvimba katikati, likashika lami kwa sehemu ndogo. Kwa hiyo wenye desturi ya uwanja hutoa upepo tairi likiwa la moto, na wengine hupaka chaki begani mwa tairi ili waone linalala kiasi gani katika kona, chaki ikifutika mpaka ubavuni wajue upepo umepungua mno. Yote hayo ni maarifa mema. Lakini upepo uliopunguzwa katika moto, usiku ukiingia na mpira ukipoa, huwa pungufu mno kwa gari lililobeba abiria na vyombo, linalokwenda kasi katika barabara kuu. Ubavu hukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi kila nukta, joto hujikusanya ndani pasipoonekana, na tairi lililosalimika katika kona zote za Eifel huweza kupasuka katika njia iliyonyooka kabisa. Tangu nilipolijua hilo pampu ndogo na kipimo cha upepo havikutoka katika buti la gari langu, na sikupata kuingia barabara kuu kabla ya kuvitumia.

Kuhusu gharama, wengi hudhani kwamba seti mbili za matairi na ringi zake ni anasa ya matajiri, na seti moja ni kubana matumizi. Katika Ujerumani hesabu haiendi hivyo, kwa sababu sheria tangu mwaka 2010 inadai matairi ya majira ya baridi kila njia inapokuwa na barafu, theluji au utelezi wa namna hiyo, na siku hizi alama inayotambuliwa ni ile ya mlima na kipande cha theluji. Kwa hiyo watu wengi wana seti mbili tayari, na mpenzi wa uwanja anachoamua ni kama ataongeza ya tatu. Yule kijana aliongeza: alinunua ringi kuukuu, akafunga humo matairi yake ya nusu mbio, akawa anakuja nayo yamepangwa kiti cha nyuma na kuyabadilisha uwanjani kwa jeki, na jioni kuyavua tena. Mimi sikuongeza. Fedha ambayo ingalinunua seti ya tatu niliitumia kwa mafuta mapya ya breki na kwa siku za mafunzo pamoja na mwalimu aliyekaa kando yangu, na nayaona matumizi yale kuwa bora, kwani mwalimu alinipa nilichokuwa sina, ilhali tairi lingalinificha nisijue kwamba sina.

Wasomaji wangu wengi wako katika nchi ambazo hazina theluji, nao wataniuliza haya yana faida gani kwao. Nawajibu kwamba kanuni ni ile ile, ijapokuwa adui ni mwingine. Nimepata kuona nyumbani matairi ya mtumba yenye alama ya mlima na theluji yakiuzwa kwa sifa ya kuwa na kashata nene, ilhali mpira wake laini, ukitembezwa katika lami ya Dar es Salaam wakati wa adhuhuri, huisha upesi na kuyumba katika breki za ghafula. Na nimeona mengine yaliyokaa juani miaka mingi, kashata zake zingali nzima kama mpya, na nyufa nyembamba zimetambaa ubavuni mwote. Mnunuzi na azitazame tarakimu nne za umri kabla ya kutazama kashata, na ayapime matairi kwa mvua ya masika na kwa gari lililojaa jamaa, kwani siku hiyo ndiyo itakayoyajaribu.

Basi hukumu yangu, baada ya kuzipita barabara zile mbili kwa muda wa kutosha kuyaona matairi ya watu wengi yakizaliwa na kufa, ni hii. Mwenye uwezo wa kuwa na seti ya mchezo peke yake, na subira ya kuibadilisha uwanjani kila mara, achukue nusu mbio na afurahi nayo. Mwenye seti moja, na hasa anayejifunza, achague tairi la barabarani lililo bora katika maji, lenye kutoa sauti kabla ya kuacha, na akubali kupitwa siku za jua. Mwendo atakaoupoteza uwanjani atarudishiwa na mafunzo. Lakini hakuna mafunzo yatakayolipa tairi baridi nguvu ya kushika lami iliyolowa, wala dereva hodari atakayesimama kabla ya mstari ikiwa mpira wake haukuumbwa kwa hali ya hewa iliyompata njiani.